Uso Mdogo Kama Punje ya Mchele

Juzi mjukuu wangu Faraja aliniwekea kitu kwenye kompyuta. Aliandika mistari michache ya maneno yasiyosomeka, akaipachika ndani ya browser, ile programu ya kufungulia kurasa, akaniambia, "Bibi, sasa kila ukurasa utakaoufungua, picha ndogo zitakua zenyewe mpaka zienee kioo, na zile kubwa zinazomwagika nje zitajipunguza. Huna haja ya kuinama tena." Nikafungua ukurasa wa habari. Kulikuwa na picha ya mama mmoja muuza viazi, uso wake haukuzidi kifungo cha shati. Kufumba na kufumbua, uso ule ukajaa kioo kizima, unanitazama.

Faraja alingoja nimsifu. Mimi nikamwambia, "Kifunge kwanza."

Alidhani sijakipenda. Kumbe nywele za kisogoni zilikuwa zimenisimama. Sasa ninyi vijana mnaofanya kazi za picha, na ninyi mnaopanua sura za watu kwa vidole viwili huku mnakula, nipeni masikio. Kukuza uso wa mtu ndiyo kazi niliyoifanya kwa mikono yangu, gizani, Iringa na baadaye Mbeya, katika miaka ya sabini. Sijaona kazi nyingine inayokuweka karibu namna ile na mtu usiyemjua.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, mwenye studio ya picha pale Mlandege. Ukoo wake ulitoka Pwani. Yeye alizaliwa hapohapo Iringa, lakini baridi ilikuwa haijamzoea. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kofia ya kiua juu. Nilipokwenda kuomba kazi hakuuliza nimesoma mpaka wapi. Alinishika viganja akavigeuza. "Hivi ni viganja visivyotoka jasho," alisema. "Kesho njoo."

Chumba cha giza kilikuwa stoo isiyo na dirisha, nyuma ya studio. Humo ndimo ilimokaa enlaja, mashine ya kukuzia picha: kichwa cha bati chenye taa ndani, kimeshikwa na mlingoti wa chuma. Negativu, yaani filamu yenye picha ya kinyume, unaiweka chini ya taa, mwanga unaipenya, unaangukia karatasi mezani. Ukitaka picha kubwa unapandisha kichwa, ukitaka ndogo unakishusha. Rahisi. Ila mwanga ni kama uji, ukiwapakulia wengi kila mmoja anapata kidogo. Kwa hiyo kadiri picha inavyokuwa kubwa, ndivyo unavyoiacha taa iwake zaidi. Saa ya kupimia hatukuwa nayo. Mzee Sefu alisoma dua fupi moyoni na ikiisha anazima. Mimi nilihesabu "moja chapati, mbili chapati", na siku ambazo sijala picha zangu zilitoka hafifu, maana njaa ilinifanya nihesabu haraka.

Baada ya hapo karatasi inaingia kwenye dawa ya kuitoa picha, kisha dawa ya kuikaza, kisha maji, maji mengi. Mwezi wa sita Iringa dawa hulala kwa baridi, picha inagoma kutoka. Tuliweka trei juu ya beseni la maji ya moto, ikaamka. Masika maji ya bomba yalikuja mekundu, tukayachuja kwa kanga iliyokunjwa, vinginevyo mchanga unamkwaruza bwana harusi usoni. Na mjue kwamba uchafu nao hukua. Unywele mmoja ulionasa kwenye negativu ya mwalimu mkuu fulani ulimpa sharubu upande mmoja. Mkewe alipokuja kuichukua akaitazama sana, akasema, "Mngemwekea na wa pili basi."

Lakini kuna kitu nilikuwa sikipendi, na sikukizoea hata nilipokuwa fundi. Chini ya taa nyekundu, uso unapotoka ndani ya dawa, hauji wote kwa pamoja. Macho hutangulia. Karatasi ni nyeupe, halafu macho mawili yanakutazama kutoka chini ya maji, hayana pua wala mdomo. Mzee Sefu aliniambia siku ya kwanza kabisa, "Asiye na mdomo usimsemeshe. Hatakujibu, na wewe utabaki unangoja." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Bwana Lukasi alikuwa na mashine ya kusaga nje kidogo ya mji. Mtu mpole, shati limepigwa pasi, hutamwona na unga hata kwenye kope. Mji mzima ulijua msiba wake. Mkewe, Atupele, Mnyakyusa wa kule Tukuyu, alikwenda mto Ruaha Mdogo kufua nguo na hakurudi. Juu ya jiwe walikuta kanga yake na beseni. Wanaume walishuka na mto siku nyingi wakitafuta mwili, mpaka wazee wakasema inatosha. Wakakata mgomba, wakauviringishia sanda, wakauzika, ili waliofiwa wapate mahali pa kulilia.

Matanga yalipokwisha, Bwana Lukasi alikuja studio. Mimi ndiye niliyekuwa mbele.

"Dada, kamwene."

"Kamwene, kaka. Pole na msiba."

"Tumepoa. Mlitupiga picha hapa tulipooana. Nataka yake peke yake. Ya ukutani."

Mzee Sefu hakutupa negativu ya mtu. Zilikaa kwenye makopo ya biskuti, na ya Atupele tuliipata: negativu ya studio, kubwa kama kiganja, kali, kila uzi wa gauni unaonekana. Amesimama wima, mikono mbele. Nikamkuza, tukamtia kwenye fremu, Bwana Lukasi akashukuru akaondoka naye kwapani.

Akarudi. "Ni nzuri, lakini bado ndogo." Tukakuza. Akarudi tena. "Ongezeni kidogo." Hakugombana, hakulalamika, alisimama pale kaunta kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Mwishowe akasema anamtaka Atupele sawasawa na alivyokuwa, toka utosini mpaka kwenye kidole cha mguu.

Mezani haiwezekani. Mzee Sefu akageuza kichwa cha enlaja kikatazama ukuta, tukabandika karatasi ukutani kipande kwa kipande, kila kipande tukakisafisha ndani ya karai la kufulia, halafu tukaviunga kwa gundi juu ya ubao. Kazi ile niliifanya nikiwa nimesimama mbele ya mwanamke wa kimo changu aliyeumbwa kwa mwanga mtupu. Nikikatiza mbele ya taa, uso wake uliniangukia kifuani. Nilimjua kuliko ndugu zangu. Nilijua kovu jembamba lililoikata nyusi yake ya kushoto. Nilijua ndewe ya sikio iliyochanika. Nilijua mdomo wake, uliofungwa kama wa mtu aliyeambiwa ashikilie maji asiyameze.

Tulimpeleka kwa Bwana Lukasi mchana, mimi na Mzee Sefu, tumembeba kwenye mkokoteni kafunikwa shuka. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa tayari. Magauni yake yametundikwa kwenye misumari, kulia na kushoto, na katikati pameachwa nafasi. Mbele ya nafasi ile kiti. Pembeni ya kiti stuli, na juu ya stuli sahani iliyofunikwa sahani nyingine. Chakula kilikuwa cha moto, niliona mvuke.

Mzee Sefu akapigilia ubao. Mimi nilisimama pale nikishika upande mmoja, na Bwana Lukasi, ambaye alikuwa tayari amekaa kwenye kiti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, sogea kidogo. Unamkinga."

Nikasogea.

"Wewe unakaa naye kutwa kule gizani," akasema bila kunitazama. "Huwa anakuambia nini?"

"Hasemi kitu, kaka. Ni karatasi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. "Hata hapa hasemi. Lakini sasa hatoki."

Tulitoka tukaaga. Tulipofika barabarani, Mzee Sefu akasimamisha mkokoteni.

"Umeliona komeo la mlango wa chumba?"

"Nimeliona, mzee."

"Limewekwa upande wa nje."

"Ndiyo, mzee. Na mbao imelika kwa kufungwa na kufunguliwa."

Tukausukuma mkokoteni mpaka Mlandege. Bwana Lukasi alipokuja siku nyingine kutaka Atupele mwingine wa kuweka sebuleni, Mzee Sefu alimwambia karatasi zimekwisha mjini.

Baadaye reli mpya ilifika Mbeya na watu wakajaa, kila mmoja akitaka picha ya paspoti kwa ajili ya kitambulisho cha kazi. Bwana Hamisi, mdogo wake Mzee Sefu, alikuwa amefungua studio kule, akaomba fundi wa giza. Nikatumwa mimi. Nilipanga chumba Ilomba, kwenye nyumba ya vyumba vingi iliyotazamana na bomba la maji.

Mbeya asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka kwenye madirisha. Nilikwenda bombani na ndoo yangu, na mwanamke mmoja alikuwa ameinama mbele yangu ananawa. Akainua uso. Maji yalikuwa yanamtiririka, na nyuma yake kila kitu kilikuwa cheupe, hakuna nyumba wala mti. Macho kwanza. Kisha nyusi iliyokatwa na kovu. Kisha mdomo.

Ndoo ilinitoka mkononi ikabingirika mpaka mtaroni.

"Dada, vipi?" aliuliza.

Nikakumbuka katazo la Mzee Sefu kwamba asiye na mdomo nisimsemeshe, lakini huyu alikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa unasema. Nilirudi chumbani bila maji. Nilikaa kitandani nimeshika magoti mpaka muda wa kazi ukapita.

Jioni, jua lingali juu, mlango wangu uligongwa. Ni yeye. Alisimama kizingitini, kanga imefungwa kichwani.

"Wanasema wewe umetoka Iringa," akasema. "Kwa nini asubuhi ulinitazama kama maiti?"

Sikujua uongo wa kusema. Nikamwambia, "Kwa sababu ulishazikwa."

Aliingia, akafunga mlango, akaketi chini palepale mlangoni na mgongo wake ukiuegemea. Hapo ndipo aliponieleza. Siku ile ya kufua aliacha kanga na beseni juu ya jiwe, akapanda mlima upande wa pili akiwa na gauni alilovaa, akafika barabara kuu, akasimamisha lori la magunia. Ilomba walimjua kwa jina la Anna. Alikuwa anapika kwenye shughuli za watu, harusi na misiba. Habari ya kifo chake aliisikia sokoni, kwa mfanyabiashara wa viazi aliyekuwa anawasimulia wenzake.

"Nilisimama nimeshika fungu la mchicha," alisema. "Wote wakasema masikini, na mimi nikasema masikini." Kisha akauliza, "Walizika nini?"

"Mgomba."

Akainamisha uso. Nikafikiri analia, lakini alikuwa anajisugua mikono kama anasikia baridi.

"Na wewe umenijuaje?"

Nikamweleza picha. Nikamweleza zilivyokua, moja baada ya nyingine, na kiti, na sahani. Nilitaka kuficha ya mwisho, lakini aliuliza mwenyewe.

"Sasa hivi kule kwake niko mkubwa kiasi gani?"

"Sawasawa na ulivyo."

"Basi ndiyo maana," alisema. "Kuna wakati nikilala nasikia natazamwa. Mama yangu huko Tukuyu anajua nimekufa, na siwezi kumpelekea hata neno, kwa sababu Lukasi huenda kumsalimia mkwewe kila mwaka. Ni mkwe mzuri. Humpelekea sukari."

Tukawa marafiki, kama unaweza kuuita urafiki. Kwa muda mrefu sikuweza kumtazama akinawa.

Sasa sikilizeni jinsi picha inavyosafiri, maana ninyi mnadhani kusafiri kwa picha kumeanza na simu. Bwana Hamisi alipiga picha za harusi moja kule Iyunga. Kundi la ndugu wamejipanga, na nyuma yao kabisa, kwenye kona, jikoni kwa nje, wapishi. Kati ya wapishi mmoja amegeuka kutazama kamera. Uso wake kwenye picha ile ulikuwa mdogo kama punje ya mchele. Sikumwona mimi niliyeisafisha. Bwana Hamisi hakumwona. Kopi moja ilichukuliwa na mjomba wa bwana harusi, ikaenda Iringa, ikawekwa kwenye meza ya sebuleni, na mgeni mmoja akaishika kuitazama wakati anasubiri chai.

Bwana Lukasi aliingia studio yetu ya Mbeya asubuhi moja, shati limepigwa pasi. Hakushangaa kunikuta.

"Dada, kamwene. Nimekufuata kwa sababu wewe ndiye uliyemzoea." Akaweka picha ya harusi kaunta, akagusa kona kwa kucha. "Huyu. Nataka nimwone."

Nilitazama. Punje ile ilinitazama.

"Ni mdogo mno, kaka."

"Ndiyo kazi yenu, kukuza."

Bwana Hamisi alisikia, akaja, akasema, "Negativu tunayo. Rehema, mtolee mteja." Hakujua lolote. Na ningesema hapana, kulikuwa na studio nyingine mtaa wa pili, na negativu ni mali ya kulipiwa, angeichukua.

"Unataka kubwa kiasi gani?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Nataka macho yake yawe sawa na yangu."

Niliingia gizani nikafunga mlango. Niliweka negativu, nikawasha taa, nikakisogeza katikati kile kipande cha kona yenye wapishi. Kwa ukubwa wa kadi ya posta alikuwa yeye bila ubishi. Nyusi, kovu, sikio. Ameshika mwiko mrefu, amegeuka. Mikono yangu, ile isiyotoka jasho, ililowa.

Hapa lazima niwaambie jambo la ufundi. Negativu ya studio ilikuwa kubwa kama kiganja, lakini ile ya harusi ilikuwa ndogo kama stempu, na uso wenyewe kwenye stempu ile ulikuwa kama kichwa cha sindano. Picha imeumbwa kwa chembe. Ukimkuza mtu kupita kiasi chake, hupati mtu zaidi, unapata chembe zaidi. Nyusi inakuwa vumbi, kovu linakuwa nafasi kati ya vumbi na vumbi. Ningempa Bwana Lukasi kadi ya posta, angemjua mkewe kabla karatasi haijakauka. Yeye aliomba macho yaliyo sawa na yake. Basi nikapandisha kichwa cha enlaja mpaka mwisho wa mlingoti, nikaweka karatasi kubwa kuliko zote sakafuni, na nikampa alichoomba.

Ndani ya dawa macho hayakutangulia safari hii. Vilitoka vidoa, kama sisimizi wanaotoka ardhini kabla ya mvua, vikatapakaa karatasi nzima. Nikapumua.

Nilipoitoa ikiwa ingali mbichi na kuibana kwenye kamba mbele ya kaunta, Bwana Lukasi aliisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Alitazama juu, akatazama chini. Vidole vyake vilipita hewani juu ya vile vidoa kana kwamba anatafuta mlango.

"Sioni mtu," akasema.

"Ndivyo ilivyo, kaka. Ilikuwa ndogo mno."

Angeondoka. Nawaambia angeondoka. Lakini Bwana Hamisi, fundi anayejivunia kazi yake, akainua kichwa kutoka kwenye kamera aliyokuwa anaifuta, akasema kwa moyo mwema kabisa, "Ndugu yangu, picha kubwa haitazamwi karibu. Rudi nyuma mpaka mlangoni, uione."

Ilikuwa kweli. Kila fundi anajua. Chembe zikitazamwa kwa mbali hushikana tena.

Bwana Lukasi akaanza kurudi nyuma, uso kwa picha. Mimi nilikuwa upande wake, nikawa naona anachokiona. Hatua moja, bado ni sisimizi. Hatua nyingine, wakaanza kukusanyika. Akafika kizingitini, mgongo wake mlangoni, na kwenye kamba yule mwanamke akaja. Sijui niseme vipi. Hakuna aliyemgusa, karatasi haikutikisika, lakini pale ambapo palikuwa hapana mtu pakawa na mtu. Nyusi hazikuonekana vizuri, kovu halikuwepo. Kilichoonekana ni mashavu yaliyopanda, macho yaliyofumbana nusu, na meno. Alikuwa anacheka. Mwenzake jikoni alikuwa amemwambia kitu cha kuchekesha, akageuka, na kicheko kizima kikanaswa.

Bwana Lukasi alisimama. Nje lori lilipita, vioo vikatetemeka, vikatulia. Alitazama muda mrefu kiasi kwamba Bwana Hamisi aliacha kufuta kamera.

"Siye," akasema.

"Una hakika, ndugu?" Bwana Hamisi akauliza.

"Mke wangu hana sura hii. Mke wangu hacheki." Akashika kofia yake. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo ndilo lililonitia baridi zaidi. "Nilikuwa na wasiwasi bure. Kumbe yuko palepale nyumbani, ananingoja, na mimi nimemwacha peke yake na milango wazi."

Akalipa, akashukuru, akaenda kupanda basi. Hakuitaka picha.

Nilimwita Atupele mchana uleule. Alipoingia karatasi ilikuwa bado kwenye kamba. Nilimsimulia, naye hakuuliza chochote kuhusu mumewe, alivyovaa wala alivyoondoka. Aliuliza, "Alisimama wapi?" Nikamwonyesha. Akaenda akasimama kizingitini, visigino vyake mahali pa visigino vya yule bwana, akajitazama.

"Sikujua kwamba nacheka hivi," alisema mwishowe. "Miaka ile yote pale kwake, hata yeye hakujua."

Kuhusu Bwana Lukasi sikumwona tena, lakini Mzee Sefu alinisimulia nilipokwenda Iringa likizo. Karatasi isipooshwa mpaka ikaisha dawa, dawa inabaki ndani na polepole inakula picha. Kipande kidogo unakiosha kirahisi. Karatasi kubwa ndani ya karai ni shida. Yule Atupele wa ukutani alianza kuwa wa manjano, kisha akaanza kutoweka. Bwana Lukasi alikuja studio akasimama kaunta.

"Mzee," alisema, "ameanza kuondoka. Ameanzia macho."

Mzee Sefu alimwambia negativu imeharibika, haipo. Nami nikamuuliza Mzee Sefu, pale tukinywa chai, kama zile karatasi alizisuuza vya kutosha.

"Mwaka ule maji yalikuwa ya shida Iringa," alijibu, akaongeza sukari.

Baada ya muda mashine ya kusaga ilinyamaza. Waliofungua nyumba walikuta kiti kikitazama ubao wenye karatasi tupu, na magauni kulia na kushoto. Alikoelekea hakuna aliyesema kwa uhakika. Nilipokuwa naondoka, Mzee Sefu alinipa bahasha ndogo yenye ile negativu kubwa kama kiganja, nikampelekea mwenyewe. Atupele aliiinua kwenye mwanga akajitazama mweupe penye weusi na mweusi penye weupe, kisha akaiingiza kwenye jiko la mkaa.

Lakini nimeruka. Kabla ya hayo yote, juma lilelile Bwana Lukasi aliposema "Siye", Atupele alitaka kwenda kwa mama yake. Aliogopa jambo moja: kwamba mama akimwona ghafla ataanguka. Nikampiga picha mpya, saizi ya kushikika, anacheka kidogo. Tukapanda basi la Tukuyu asubuhi.

Ukungu ulikuwa mzito mpaka dereva aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Tulishuka, tukapita kati ya migomba, hatuoni hatua zetu. Atupele akavua viatu kwa sababu ya tope. Nyumba ilipoanza kuonekana akasimama. "Tangulia wewe."

Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage, amevaa kaniki ya msiba. Nilimwamkia, akaniitikia, "Ndaga, mwanangu, karibu." Sikujua pa kuanzia, nikampa picha.

Aliisogeza kwenye mwanga. Akaitazama karibu, akanyoosha mkono akaitazama mbali.

"Hii ni ya lini?"

"Ya juzi, mama."

"Juzi." Akaigeuza akatazama nyuma yake, kama vile mtu angeweza kuwa amesimama upande ule. "Mwanangu amezikwa Iringa. Nilikwenda. Nililala palepale."

"Ulimwona, mama?"

"Walisema nisifungue."

Maharage yalikuwa yanamtoka mapajani moja moja na hakuyaokota. Ukungu uliingia ndani ya nyumba ukapita kati yetu.

"Yuko wapi?"

"Hapo njiani, chini ya migomba. Anaogopa."

Mama akainuka. Nilitaka kumshika mkono akaukataa. Akafunga kaniki yake vizuri, akatembea kuelekea kwenye ule weupe, na hatua chache tu ukammeza. Nilisikia miguu yake kwenye majani makavu, kisha nikasikia imesimama. Nilingoja kilio. Hakikuja. Nilingoja wamwite mtu, au mtu aanguke, na hakuna kilichokuja, mpaka nikaanza kujiuliza ni nani hasa niliyepanda naye basi asubuhi ile.

Kisha sauti ya mama ikatoka mle ukunguni, ya chini, imekasirika.

"Na viatu umeviacha wapi, baridi yote hii?"